Mirathi ya Mzanzibari Aliyefia Bara: Kesi Huanzia Wapi, na Rufaa Huishia Wapi?

  

Ndugu zetu katika imani, tumekuwa tukipokea swali moja kwa sura nyingi. Mzee ametoka Pemba au Unguja miaka mingi nyuma, akenda bara kutafuta riziki, akafungua duka, akajenga, akaoa mke wa pili huko huko. Siku Allaah Alipomchukua, jamaa wa visiwani wakapigiwa simu, wakasoma khitma, wakaridhika kwamba mambo ya mali yatazungumzwa baadaye. Baadaye ilipofika waliambiwa mahakama imekwisha amua. Wanauliza: je, bado tuna njia? Kesi ilianza wapi bila ya sisi kujua? Rufaa inakatwa wapi, na inaishia wapi?

Tumeona bora tujibu kwa makala moja iliyopangwa, familia iweze kuihifadhi na kuirejea siku ya haja. Jambo tunalotaka lishikwe kabla ya yote ni hili: katika mahakama za dola, haki ya kukata rufaa ina siku za kuhesabika. Subira ni ibada, lakini kukaa kimya mpaka siku zikapita si subira. Huko ni kuacha haki ya mayatima ipotee.

Kilimatinde kama mfano

Tutatumia mji mdogo wa Kilimatinde, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Uko magharibi ya Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Zama za misafara, njia kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita katika nchi hiyo, na watu wa pwani waliijua kabla ya reli. Wajerumani waliweka hapo kituo cha kijeshi na utawala. Baadaye reli ya kati ilipita Manyoni, na shughuli za serikali zikahamia huko.

Miji ya namna hii iko mingi bara: Itigi, Nzega, Mpwapwa, Kondoa. Wafanyabiashara wa visiwani wamefika yote. Tutakayoyasema kuhusu Kilimatinde yanafanya kazi huko pia, isipokuwa jina la wilaya litabadilika.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mzee mmoja kutoka Wete amefia Kilimatinde. Wazee wake wote wawili wamekwishatangulia. Ameacha wake wawili. Wa Wete ana mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Wa Kilimatinde ana mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, imebaki mali ya thamani ya shilingi milioni 48.

Kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, Aya ya 11 na ya 12, wake wawili wanashirikiana katika thumuni moja, nayo ni milioni 6, kila mmoja milioni 3. Zinabaki milioni 42 za watoto, mwanamume kwa hisa mbili na mwanamke kwa hisa moja. Watoto wa kiume wawili na wa kike watatu ni hisa saba, kila hisa milioni 6. Basi kila mtoto wa kiume ana milioni 12 na kila wa kike milioni 6.

Hesabu ya upande wa Wete peke yake, mama na watoto wake watatu, ni milioni 27. Sasa tuseme ndugu wa marehemu aliyeko Kilimatinde amekwenda mahakamani, ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na katika orodha yake ameandika mke mmoja tu na watoto wawili. Hizo milioni 27 ndizo zinazopotea. Na ndugu huyo mwenyewe si mrithi, kwa kuwa mtoto wa kiume wa marehemu anamzuia. Yeye ni muaminiwa tu aliyekabidhiwa kazi.

Je, inafaa Muislamu kwenda katika mahakama ya dola?

Wapo wanaosita kwa kudhani kwamba kwenda huko ni kuacha Shari'ah. Tunasema: anayekwenda kudai haki ambayo Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Amempa, na hakuna mamlaka nyingine inayoweza kumpatia, hana lawama, kwa sharti asichukue zaidi ya fungu lake hata kama ataambiwa achukue.

Isitoshe, mahakama za mwanzo za Tanzania Bara zimepewa na sheria mamlaka ya kusikiliza mirathi inayofuata Sheria ya Kiislamu. Bara hapakuwa na mahakama ya Kadhi ya dola tangu mfumo wa mahakama ulipounganishwa baada ya uhuru, kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Makadhi wa BAKWATA wanasuluhisha na wanakokotoa mafungu, na karatasi zao zinaweza kumsaidia hakimu. Lakini karatasi hiyo si amri ya mahakama. Haiwezi peke yake kufungua akaunti ya benki wala kuhamisha hati ya nyumba.

Mlango wa kwanza: Mahakama ya Mwanzo

Mirathi ya Muislamu hufunguliwa katika mahakama ya mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Kwa mzee wetu ni mahakama ya mwanzo inayohudumia Kilimatinde. Lugha yake ni Kiswahili, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa.

Anayeomba usimamizi huleta cheti cha kifo, maelezo ya warithi na mali, na kwa desturi muhtasari wa kikao cha familia. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze kwa siku iliyotajwa. Hapa ndipo familia za visiwani hupatwa, kwa sababu tangazo hubandikwa huko na wao wako huku. Dawa yake ni kutosubiri tangazo. Mara baada ya mazishi, ateuliwe mtu mmoja aulize kwa jina: mirathi ya fulani imefunguliwa mahakama gani, kwa namba gani, na siku ya kusikilizwa ni lini.

Likitokea pingamizi, shauri husikilizwa. Kila upande huleta mashahidi na hati, na mwenzake humuuliza maswali. Kanuni ni ile ile tuliyoisoma katika fiqhi: anayedai ndiye mwenye mzigo wa ushahidi. Kwa hiyo mama wa Wete aje na cheti chake cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mashahidi waliohudhuria nikaha. Asiseme "kila mtu Wete anajua." Hakimu wa Kilimatinde hajui, na haruhusiwi kuhukumu kwa yale ambayo hayakuletwa mbele yake.

Kuna swali jengine ambalo hakimu wa bara huuliza na sisi visiwani hatulizoei: marehemu aliishi maisha ya namna gani? Mwafrika wa bara anaweza kuhesabiwa chini ya sheria za kimila au chini ya Sheria ya Kiislamu. Mahakama hutazama mwenendo wake na dhamira yake. Alioa kwa nikaha? Alizikwa Kiislamu? Aliandika wasia? Mzee kutoka Wete kwa kawaida hana tatizo hapa, lakini ushahidi utolewe kwa uwazi ili asije mtu akadai mila ya ukoo fulani.

Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne, au muda zaidi akiongezewa na mahakama, ya kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni. Baadaye huleta hesabu ya mgao. Familia ina haki ya kuiona orodha hiyo. Iulizeni. Hati nyingi za udhalimu tulizowahi kuonyeshwa zilianza katika orodha ambayo hakuna mrithi aliyeisoma.

Je, mama wa Wete anakata rufaa au anarudi mahakama ile ile?

Hili wengi hulichanganya. Rufaa ni ya aliyekuwa mhusika katika shauri. Mama wa Wete ambaye hakuitwa wala hakusikilizwa haanzi na rufaa. Anarudi kwenye mahakama ile ile ya mwanzo kuomba uteuzi utenguliwe, kwa sababu ulipatikana kwa kuficha warithi, au kwa sababu msimamizi hakuleta orodha kama alivyotakiwa. Ipo pia njia ya kuiomba mahakama ya wilaya iliite jalada na kulipitia.

Akishasikilizwa na uamuzi ukamwendea kinyume, hapo ndipo anapokuwa na rufaa, na hapo ndipo saa inapoanza kwenda.

Rufaa ya kwanza: Mahakama ya Wilaya

Uamuzi wa mahakama ya mwanzo hupelekwa mahakama ya wilaya, kwa mfano wetu Manyoni, ndani ya siku 30. Uamuzi ukitolewa tarehe 3 Machi, siku hiyo haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 4 Machi, na siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Tunawausia: ichukulieni siku ya 20 kuwa ndiyo ya mwisho. Boti huahirishwa, na bahari yetu mnaijua.

Wengi hukaa wakisubiri nakala ya hukumu iliyopigwa muhuri. Kwa rufaa hii ya kwanza isifanywe hivyo. Kanuni za rufaa zinazotoka mahakama za mwanzo hazikuweka sharti la kuambatanisha nakala ya hukumu. Iombeni nakala kwa barua, mbaki na barua yenye muhuri wa kupokelewa, lakini rufaa iwasilishwe ndani ya muda.

Hati ya rufaa hueleza sababu: hakimu alikosea wapi? Andikeni makosa yanayoshikika. "Hakimu alikataa kusikiliza shahidi wangu wa ndoa bila sababu" ni sababu. "Hakimu hakunitendea haki" si sababu, ni malalamiko.

Hakimu wa wilaya haanzi kesi upya. Anasoma mwenendo wa shauri ulioandikwa kule chini. Anaweza kuthibitisha uamuzi, kuubadilisha, kuufuta, au kuamuru shauri lisikilizwe upya. Anaweza pia kupokea ushahidi wa ziada panapokuwa na sababu, lakini mtu asiweke cheti chake cha ndoa kabatini akitegemea kukitoa huko juu. Kilichostahili kuletwa siku ya kwanza, kiletwe siku ya kwanza.

Rufaa ya pili: Mahakama Kuu

Asiyeridhika na mahakama ya wilaya huenda Mahakama Kuu ya Tanzania, tena ndani ya siku 30. Kwa miaka mingi rufaa za mkoa wa Singida zilikuwa zikisikilizwa na Mahakama Kuu iliyopo Dodoma.

Hapa pana mtego ambao umewaangusha wengi. Rufaa ya shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo haipelekwi moja kwa moja katika masjala ya Mahakama Kuu. Inawasilishwa katika mahakama ya wilaya iliyotoa uamuzi, yaani Manyoni, nayo ndiyo inayoipeleka juu pamoja na jalada. Aliyekwenda Dodoma kuiwasilisha anaweza kuambiwa baadaye kwamba alikosea mlango, na siku zake zimekwisha.

Mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya jambo la ukweli, kwa mfano kwamba ndoa ilikuwepo au haikuwepo, jaji ni mzito kuligeuza, isipokuwa akiona ushahidi ulieleweka vibaya au sheria ilikiukwa. Ndiyo maana tunasisitiza sana siku ile ya kwanza Kilimatinde. Kesi nyingi hushinda au hushindwa pale.

Mlango wa mwisho: Mahakama ya Rufani

Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliundwa mwaka 1979, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Ni mahakama ya Muungano. Husikiliza rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Tanzania na Mahakama Kuu ya Zanzibar, ambazo ni mahakama mbili tofauti. Majaji wake hukaa watatu au zaidi, na huzunguka kwa vikao, vikiwemo vya Zanzibar.

Kwa shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo, mlango huu haufunguki kwa kutaka tu. Mahakama Kuu lazima kwanza ithibitishe kwamba kuna hoja ya sheria inayostahili kuamuliwa na Mahakama ya Rufani. Kutoridhika na ushahidi hakutoshi. Taarifa ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30 za uamuzi, na rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Siku za kuandaliwa nakala za mwenendo huweza kutolewa katika hesabu, iwapo mrufani aliziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 na akampa mwenzake nakala ya barua hiyo. Hapa tunashauri kwa nguvu atafutwe wakili.

Kwa nini hoja ya sheria? Kwa sababu uamuzi wa hapo huwafunga watu wote, si wahusika peke yao. Upo mfano wa mwaka 1983, wa wanandoa Waislamu waliotalikiana, ambao shauri lao lilianzia mahakama ya mwanzo Dar es Salaam. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa katika ndoa. Bibi mwenyewe hakupata alichokiomba, kwa sababu mahakama iliona fungu lake lilikwishamfikia na akalitumia. Lakini msingi ule umetumika bara kwa wanawake wengi waliokuja baada yake.

Baada ya Mahakama ya Rufani hakuna pengine pa kukata rufaa. Panabaki kuiomba yenyewe iitazame tena hukumu yake, kwa sababu finyu sana na ndani ya siku 60.

Na jambo moja lisisahaulike katika ngazi zote: kukata rufaa hakusimamishi utekelezaji. Nyumba inaweza kuuzwa huku rufaa yako ikisubiri. Lazima yawepo maombi maalumu ya kuzuia utekelezaji, na yaombwe mapema.

Siku zikipita

Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda. Lakini mahakama humtaka aeleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa ni moja. Kuumwa kuna cheti cha hospitali, safari ina tiketi, kifo kina cheti. "Sikujua sheria" kwa kawaida haimsaidii. Ikiwa uamuzi wenyewe una kosa kubwa la kisheria linaloonekana wazi, hilo huweza kuwa sababu ya kuongezewa muda.

Sisi wenyewe tumelionja hili. Jamaa yetu alifia bara, na wazee wakasema tusizungumze mali mpaka arubaini iishe, tusije tukaonekana tuna tamaa. Tukatii. Arubaini ilipokwisha tuliambiwa uamuzi una siku 36. Siku 6 zile zilitugharimu zaidi ya mwaka wa maombi, na mtoto mmoja aliacha skuli katika mwaka huo kwa kukosa pa kutegemea. Hatumlaumu yeyote ila nafsi zetu. Shari'ah haikutuamrisha kungoja arubaini. Haki za mali ya marehemu ni deni, na deni huharakishwa.

Mke aliyeko edani

Swali linalofuata huulizwa na wanawake: mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi, na muda wa rufaa ni siku 30. Afanyeje?

Wanazuoni wameruhusu mjane atoke mchana kwa haja yake, na alale nyumbani kwake. Lakini safari ya kutoka Wete mpaka Kilimatinde si kutoka mchana na kurudi. Ni boti, gari au treni mpaka Dodoma, kisha gari tena. Njia iliyo salama kwa dini yake na kwa haki yake ni uwakilishi. Sheria inairuhusu mahakama ya mwanzo, katika mashauri ya madai, kumkubalia ndugu au mtu wa nyumba ya mhusika asimame kwa niaba yake akiomba hivyo. Basi kaka yake, mtoto wake mkubwa au mjomba aende na barua yake. Kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za mwanzo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameufungua mlango huo pale anapokaa hakimu mkazi. Kwa asiye na uwezo, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 bara, na ya 2018 Zanzibar, na watoa msaada waliosajiliwa wanapatikana pande zote mbili.

Siku hizi pia hati nyingi za mahakama za bara huwasilishwa kwa mfumo wa kielektroniki, na hukumu za Mahakama Kuu na Rufani husomwa bure kwenye TanzLII. Kijana mmoja wa familia anayejua kutumia kompyuta anaweza kuokoa safari mbili.

Mali iliyoko visiwani

Tuseme mzee huyo ameacha pia mikarafuu na nyumba Wete. Hiyo ina njia yake huku, na isidhaniwe kwamba msimamizi wa Kilimatinde ameipata kwa karatasi ya kule. Wala uamuzi wa Kadhi wa Pemba usidhaniwe kuwa unatosha peke yake kugusa duka la Kilimatinde.

Zanzibar ina Mahakama za Kadhi za dola, ambazo sasa zinaongozwa na Sheria ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Rufaa hupanda mpaka Mahakama Kuu ya Zanzibar na kuishia hapo. Katiba ya Zanzibar ya 1984 imesema wazi kwamba mambo ya Kiislamu yaliyoanzia katika Mahakama za Kadhi hayaendi Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo familia moja inaweza kuwa na mashauri mawili, moja likiishia Mahakama Kuu ya Zanzibar na jengine likiweza kufika Mahakama ya Rufani. Waulizeni mapema watu wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, hasa panapokuwa na mayatima.

Na kesi za jinai?

Kwa kuwa huulizwa pamoja, tuseme kwa ufupi. Kijana wa visiwani akihukumiwa bara na mahakama ya mwanzo, rufaa ni siku 30 kwenda mahakama ya wilaya. Akihukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, anatoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, na hati ya rufaa ndani ya siku 45, bila ya kuhesabu muda wa kupata nakala ya mwenendo na hukumu. Aliyeko gerezani hupitisha hati zake kwa mkuu wa gereza. Wazee wake wahakikishe siku hizo 10 hazipiti huku wakitafuta pesa.

Kukata rufaa si utovu wa adabu

Wengine huona haya wakisema: hakimu ameshasema, na ndugu ni ndugu. Katika Suratul-Anbiyaa, Aya ya 78 na 79, tunasoma habari ya Nabii Daawuud na Nabii Sulaymaan ('alayhimas-salaam) katika shauri la kondoo waliolisha shamba la watu usiku. Baba alihukumu, mwana akafahamishwa lililo bora zaidi, na Allaah Akawasifu wote wawili kwa hekima na ilimu. Na 'Umar bin Al-Khattwaab (Radhwiya Allaahu 'anhu) alimwelekeza Abu Muusa Al-Ash'ariy kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirejea haki ikimbainikia leo. Kurejewa kwa hukumu kunajulikana katika Uislamu kabla ya mahakama hizi.

Lakini aliyeshinda naye ana la kusikia. Katika Hadithi ya Ummu Salamah (Radhwiya Allaahu 'anhaa), iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amebainisha kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba aliyehukumiwa kupewa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hivyo ndivyo kwa hukumu ya Mtume, itakuwaje kwa hukumu ya mahakama yoyote ya leo? Msimamizi wa Kilimatinde anaweza kushinda Manyoni, akashinda Dodoma, na siku za mama wa Wete zikamalizika. Milioni 27 zile bado si halali yake, na rufaa ya shauri hilo kwa Mola wake haina muda unaopita.

Muhtasari wa kuhifadhiwa

1. Mara baada ya mazishi, mtu mmoja aulize mirathi imefunguliwa mahakama gani na kwa namba gani.
2. Hati zote na mashahidi wote wapelekwe mahakama ya mwanzo, wasiwekewe akiba.
3. Aliyefichwa huanza kwa kuomba uteuzi utenguliwe. Aliyesikilizwa akashindwa hukata rufaa.
4. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya: siku 30.
5. Kutoka ya wilaya kwenda Mahakama Kuu: siku 30, na hati huwasilishwa mahakama ya wilaya.
6. Kwenda Mahakama ya Rufani: uthibitisho wa hoja ya sheria, na taarifa ndani ya siku 30.
7. Omba kuzuia utekelezaji. Rufaa peke yake haizuii.

Na kabla ya yote hayo, mzee aliye hai na anayesoma makala hii akiwa bara, aandike leo majina ya wake zake na watoto wake wote, wa kule na wa huku, aweke na nakala za vyeti vya ndoa kwa mtu muaminifu wa kila upande. Karatasi hiyo moja inaweza kuwaepusha watoto wake na mahakama zote tulizozitaja.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Awarehemu maiti wetu, Awahifadhi mayatima wetu, na Atujaalie tuwe wenye kurudisha amana kwa wenyewe.

Na Allaah Anajua zaidi.